Lenzi ya Kuvuta Watu

Simama mita 6 kutoka kwa mtu, mpige picha. Sogea hadi mita 4, mpige tena. Kwenye picha ya pili atakuwa mkubwa mara moja na nusu kuliko kwenye ya kwanza, nawe umetumia hatua mbili tatu za bure. Ipo njia nyingine ya kuupata ukubwa uleule bila kunyanyua mguu. Unanunua kizigo cha vioo kilichotengenezwa Ujerumani na Carl Zeiss, kinaitwa Mutar, unakifunga mbele ya kamera yako ya Rolleiflex, na unalipa fedha inayotosha kununua kamera nyingine nzima. Watu wenye akili timamu hutembea. Sisi wengine tunatafuta kizigo.

Nazungumzia kamera za macho mawili, zile za wapigapicha wa studio wa zamani: sanduku lenye lenzi mbili zilizopandana, ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Mpigapicha haiweki jichoni. Anainama na kuchungulia kwa juu, kwenye kioo kilicho kifuani kwake, na kioo hicho kina kasoro moja ya kuzaliwa: kinageuza kushoto kuwa kulia. Bibi harusi akienda mkono wa kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto, na ukimfuata kwa kuamini kioo unaishia kupiga picha ya spika za muziki.

Rolleiflex ya kwanza ilitoka mwaka 1929 kwa Franke na Heidecke, mjini Braunschweig. Ilikuwa kamera safi isipokuwa kwa jambo hili: lenzi zake hazitoki. Ulizonunua nazo ndizo utakazozeeka nazo. Mafundi wa Braunschweig walipochoka kulalamikiwa kwamba vitu vya mbali vinatoka vidogo, waliamua kuunda kamera nyingine kamili, Tele-Rolleiflex, iliyotoka mwaka 1959 ikiwa na lenzi ya Sonnar ya milimita 135. Nayo ina masharti yake. Haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko mita 2.6. Yaani ukitaka picha za mbali na za karibu katika sherehe moja, unaning'iniza kamera mbili shingoni na kuwaachia wengine pilau. Wajapani wa Mamiya walikuwa na busara zaidi. Kamera zao za aina ya C zinabadilishwa lenzi, kuanzia milimita 55 hadi 250, na lenzi zote mbili, ya juu na ya chini, zimefungwa kwenye kibao kimoja. Huwezi kupoteza moja ukabaki na mwenzake. Lishikilie hilo.

Mimi nina Yashica-Mat 124G. Yashica nao waliwahi kuuza lenzi za nyongeza za kuvuta: vipande viwili, kimoja cha jicho la juu na kimoja cha jicho la chini. Vipande viwili vilivyo huru, katika dunia yenye watoto, wezi na warithi wasiojua wanarithi nini! Ndiyo maana jozi kamili ni adimu. Nilipoiona moja inauzwa Japani kwa bei isiyoumiza sana, nililipa usiku huohuo kabla mke wangu hajaamka kuuliza simu inalia nini.

Kifurushi kilikuja kikiwa kimefungwa kwa heshima ya kwao, karatasi juu ya karatasi. Ndani kulikuwa na kipande kimoja. Cha juu. Cha kutazamia. Muuzaji, nilipomwandikia, alijibu kwa upole mkubwa kwamba alituma kilichoonekana kwenye picha, na kweli, picha yake ilionyesha kipande kimoja kimesimama mbele ya kioo cha kabati.

Mke wangu ndiye aliyelieleza tatizo kwa ufasaha kuliko kitabu chochote cha upigaji picha. "Kwa hiyo utaona vitu viko karibu, halafu picha itoke mbali," alisema akikigeuzageuza. "Kama ahadi za wagombea."

Nilishauriwa nikifunge tu kwenye jicho la chini, nibahatishe. Ushauri huo hutolewa na watu wasiolipia filamu. Mkanda wa 120 unatoa picha 12 tu kwenye kamera hii, na lenzi ya namna hii haikuzi tu, inavuruga pia umbali. Jicho la juu lisilo na kipande chake litakuambia mtu ametulia safi, huku la chini likipiga ukungu. Macho mawili ya kichwa kimoja yakishaanza kupingana, hapo hakuna picha, kuna kesi.

Kipande cha pili kilipatikana baada ya muda mrefu, Uholanzi, kwa mtu aliyekuwa akikitumia kuzuia karatasi zisipeperuke mezani. Bei yake nitaiacha hapo Uholanzi.

Basi Jumamosi moja nikabeba jozi yangu hadi Kimara. Kule mtaani kuna mzee ambaye jioni hukaa chini ya mwembe na gazeti, miwani imeshukia puani, na mwanga wa saa kumi na moja humpiga upande mmoja wa uso kama ameuagiza. Faida yote ya lenzi ya kuvuta ni hii: unamchukua mtu akiwa yeye mwenyewe, hajui, hajakaza shingo. Nikasimama ng'ambo ya njia. Nikafungua stendi ya miguu mitatu, nikaweka kamera, nikafunga kipande cha chini, nikafunga cha juu, nikainama kuchungulia.

Sasa tazama ulichokitazama mtaa mzima: mtu asiyejulikana, stendi ya miguu mitatu, chombo chenye mirija miwili, kimeelekezwa kwenye nyumba za watu. Wakazi wa Kimara wameona bomoabomoa ya kupanua barabara kwa macho yao, na alama nyekundu ya X kwenye nyumba za kubomolewa wanaijua. Milango ilifunguka. Mzee alikunja gazeti akavuka njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmetumwa na nani?"

Nilikuwa peke yangu, lakini alisema "mmetumwa", na nyuma yake kundi lilikuwa linakua. Nilichungulia kwenye kioo: mzee alikuwa wingu la kijivu. Lenzi ile haimwoni mtu mpaka awe kama mita mbili, na yeye alikuwa ameshafika usawa wa kunisalimia kwa mkono. Nikarudi nyuma na stendi yangu. Akasogea mbele. Nikarudi tena, akasogea tena, mpaka nikagota kwenye genge la mama muuza nyanya.

Ilichukua maelezo mengi kuwashawishi kwamba sipimi barabara. Mzee alipoamini hakufurahi. Alisikitika. "Basi kama wewe si mpimaji, nani ataniamulia mpaka na huyu?" Huyu alikuwa jirani yake wa kushoto, mama mmoja aliyekuwa ameshika mwiko, na mgogoro wao ulikuwa juu ya mwembe uleule wa gazeti.

"Hebu niangalie na mimi," alisema mama.

Nikaielekeza kamera kwenye ua, tukiwa umbali unaokubalika. Lenzi ya kuvuta hukata pembeni, hivyo nyumba zote mbili zilitoka nje ya kioo. Ukabaki ua wa michongoma katikati na mwembe kando yake. Mama akainama. Akatazama kwa muda. Akainuka akiwa mtu mwingine.

"Mwembe uko kushoto kwa ua," alitangaza. "Na kushoto ni kwangu."

Mzee akamsukuma kidogo akachungulia mwenyewe. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akachungulia tena. Nilianza kueleza habari ya kioo na kule kugeuza kwake, lakini hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Mama alikuwa ameshamtuma mtoto akamwite mjumbe wa mtaa.

"Usiisogeze hiyo mashine, mwanangu," aliniambia, akinivutia kiti. "Mpaka mjumbe aje aone."