Mangi Asiye na Duka

Nimezaliwa Marangu, na hilo ndilo kosa langu. Siku ya kwanza chuoni, kabla sijafungua begi, mwenzangu wa chumba aliniuliza natokea wapi. Nikamwambia. "Aa, Mangi! Duka liko wapi?"

Nilikuwa na godoro, ndoo, na barua ya kujiunga na shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia.

Mangi kwetu Wachaga alikuwa mtawala. Serikali ilipofuta machifu mwaka 1963, cheo hakikufa. Kilihamia nyuma ya kaunta, na leo Dar es Salaam kila muuza vocha ni Mangi, hata awe Mzaramo. Wengine nao wamegawiwa chao: Mhaya profesa, Mkurya jeshini, Mkinga Kariakoo. Utadhani wizara ilitoa waraka.

Ati biashara iko kwenye damu. Damu gani? Babu aliuza kahawa kwa chama cha ushirika, KNCU, ikamsomesha baba. Kihamba, shamba la ukoo, kikagawanywa kwa watoto wa kiume, kikagawanywa tena, hadi kwetu ikafika migomba kumi na miwili na kesi ya mpaka. Hapo hata jiwe lingeshuka mjini kutafuta riziki. Na yule kijana Mkinga wa Makete anayeshika duka Kariakoo alifagia la mjomba wake kwa miaka kabla ya kupewa mtaji. Huyo amerithi mjomba, hajarithi damu. Mjomba wangu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kifagio chenyewe kinanunuliwa na kamati.

Lakini nani atakuelewa? Boom la kwanza, pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilipoingia, jamaa wakanipigia kelele mpaka nikaona aibu kukaa na hela mfukoni. Nikanunua sabuni, tambi na trei mbili za mayai, nikazipanga chini ya kitanda. Wateja walikuja usiku, kwa ndala. "Mangi, niandikie, boom likitoka." Nikaandika. Daftari likafika ukurasa wa nne. Wiki ya mitihani nikala mayai kumi na moja mwenyewe, nayo nikayaandika, maana biashara ni uaminifu. Boom likatoka. Wadeni wangu niliwakuta kwenye kitimoto, wakanikaribisha kwa moyo mkunjufu.

Yule mwenzangu wa chumba ni Mhaya wa Bukoba. Baba yake alipiga simu kila Jumapili kuulizia shahada ya uzamili wakati kijana hajamaliza hata muhula. Alilisoma daftari langu kama mtu anayesoma riwaya, akacheka hadi machozi, akanunua mzigo uliobaki kwa bei ya huruma. Asubuhi nikakuta karatasi ukutani juu ya kitanda chake: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Mwaka wa pili alikuwa na fremu nje ya geti, na friji. Chuo kizima kikamwita Mangi. Mimi nikarudishiwa jina langu la ubatizo.

Sasa nafundisha kidato cha pili. Desemba, ukoo mzima unapopanda mlimani na magari yao, shangazi hunishika mkono taratibu, kama anayemshika mgonjwa: "Sawa mwanangu, unafundisha. Na kazi unafanya wapi?"

Mwaka jana nauli za Moshi zilipopaa, nikampigia Mangi wa Bukoba anikopeshe ya kwenda tu. Hakukataa. Alinitumia picha ya ile karatasi. Ameiwekea fremu.