Nilitaka Ramu Tu

Mwenye secrétariat public, kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, hapa Goma ana misimu miwili: msimu wa TFC na msimu wa njaa. TFC ni ile kazi ya kufungia masomo ya chuo, na mwanafunzi huileta kwenye flashi iliyojaa virusi saa chache kabla ya mlango wa chuo kufungwa, huku akitaka nakala tano zenye jalada zuri. Msimu uliopita kompyuta yangu ya mezani ilianza kufungua Word kwa mapozi. Wateja walikuwa wanatoka, wananunua mandazi, wanakula, wanarudi, wanakuta bado inafikiria. Kwenye foleni kila mtu akawa daktari, na madaktari wote wakaandika dawa moja: "Mama, ongeza ramu."

Basi ramu. Nikashika njia ya Birere.

Birere ni mtaa uliobanana kuelekea Petite Barrière, mahali ambapo Goma inaishia na Gisenyi inaanza bila hata kupumua. Kompyuta hufika pale zikiwa zimeshastaafu kwenye ofisi za Bulaya au Marekani, zimepita Dubai, zimepita Kampala, zimefutwa kwa kitambaa na kupewa cheo cha "original". Kijana akanitolea kijiti cha GB 8. "Iko original, mama. Haina shida." Nikaomba tukijaribu. Umeme haukuwepo. Nikampa noti ya dola ishirini, na hapo ndipo nilipoona maana ya kukagua kitu. Aliinyanyua kwenye jua, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye ukingo, akamwita jirani wa kibanda cha pili waangalie wote. Wakapata mpasuko wa upana wa unywele. Noti ikakataliwa, nikatoa nyingine. Kijiti, ambacho hakuna aliyekiangalia zaidi ya nailoni yake, kikaingia kwenye mkoba.

Hakikuingia kwenye kompyuta. Kilikuwa DDR4, na mashine yangu inakula DDR3. Watengenezaji wanatujua sisi watu wa mabavu: DDR3 ina miguu 240, DDR4 ina 288, na ule mwanya wa katikati umesogezwa kidogo kwa makusudi, ili mkono unaolazimisha ugonge ukuta. Mpwa wangu hakuamini habari za ukuta. Ana kidole gumba kilicholelewa kwa kusukuma chukudu, lile baiskeli letu la mbao, lenye magunia ya makaa. Alipomaliza kusaidia, hata ramu ya zamani haikutaka tena kuonekana. Mashine ikawa inapiga mlio mfupi na kunyamaza.

Akaja fundi, ambaye mtaa mzima tunamwita Docta. Hakuuliza kitu. Akachomoa kijiti cha zamani, akaazima kifutio cha mwanafunzi aliyekuwa kwenye foleni, akasugua miguu yake mpaka ikang'aa, akakirudisha. Ikawaka. Dola zote nilizotoa Birere, na tiba ilikuwa mfukoni mwa mtoto wa watu.

Ila ilikuwa imewaka ikiwa kwenye mwaka 2013. Tarehe mosi Januari. Ile betri ndogo ya duara, CR2032, inayoshika saa wakati umeme umezimwa, ilikuwa imekufa. Tovuti zikatukataa moja baada ya nyingine, maana vyeti vyao vya usalama vilikuwa "havijaanza kutumika" machoni pa mashine iliyobaki nyuma. Mwanafunzi mmoja nusura awasilishe TFC yenye tarehe ya wakati akiwa shule ya msingi. Nikamwambia Docta kompyuta imepotea kabisa, inadhani waasi wa M23 wametoka mjini mwezi uliopita. Akatazama barabarani, akatazama skrini. "Mama, kwa Goma hii, mimi siwezi kusema nani amekosea mwaka."

Betri tukabadilisha. Jioni umeme ukakatika, kisha ukarudi kwa hasira, na pawa saplai ikapasuka kama bisi. Hapo nikajifunza kwamba pawa saplai ya kawaida ina plagi ya miguu 24, lakini kampuni iliyounda kasha langu iliona miguu minane inatosha, ya umbo lake yenyewe. Docta akatafuta waya wa kuunganisha hizo mbili. Ukapatikana, lakini kisanduku kipya ni kikubwa kuliko nafasi yake. Sasa kimekaa nje ya kasha, juu ya jiwe la makoro, na kwa mawe hatuna uhaba: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji.

Wakati kasha liko wazi, Docta alitoa kwenye feni vumbi jeusi la kujaza kikombe, akakuta fundi aliyemtangulia alipaka prosesa dawa ya meno badala ya dawa yake. Inapoza, lakini ikikauka basi. Kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kidonge cha njano kwenye mazabodi. "Hii iko ya kwetu, mama."

Ni kapasita ya tantali. Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, kule Masisi, si mbali na hapa. Kazi ya kidonge hicho ni kutuliza umeme unaoingia, usiyumbe. Nilikitazama sana. Sisi, ambao umeme wetu unakuja kama mgeni mlevi, ndio tunaochimba kitu cha kuutuliza, halafu tunakinunua kikiwa kimezeeka ndani ya mashine ya ofisi iliyofungwa zamani huko Bulaya. Na jioni ile hakikutuliza chochote.

Mwishowe nikapata DDR3 ya kweli, nikapaka dawa ya kweli, nikanunua stabilaiza. Word ikafunguliwa. Mandazi yale yale, muda ule ule. Docta akaweka sikio kwenye kasha, akasikiliza disku ikikwaruza.

"Mama," akasema kwa upole, "ule upole wote ulikuwa wa disku."

"Na ramu?"

"Ramu ilikuwa inatosha."