Kabla Hujajitangaza Komandoo Kijiweni

Umemaliza kidato cha sita, majina ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yametoka, na tayari umewatangazia wenzako kijiweni kwamba ukishamaliza miezi mitatu ya mujibu wa sheria hurudi uraiani: unaunga jeshini, tena kwenye ukomandoo. Hongera, mdogo wangu. Ndoto hiyo naipenda, ndiyo maana nataka uiendee kwa utaratibu.

Jaribio la kwanza ni begi. JKT hutaka bukta ya bluu iliyokolea, isiyo na zipu, inayofika magotini, yenye mfuko mmoja nyuma. Kila mwaka hakosekani wa kwenda na bukta ya Yanga. Nunua iliyoandikwa kwenye maelekezo, maana asiyeweza kufuata mistari miwili ya bukta hatakabidhiwa ramani. Na ukipangwa Mafinga, beba sweta. Baridi ya kule haijali kwamba umekulia Temeke.

Jaribio la pili lifanyie nyumbani, saa kumi alfajiri, pasipo afande wala filimbi. Amka, kimbia, rudi uoge maji ya baridi, kisha fagia uwanja ambao hukutumwa kuufagia. Endelea mwezi mzima. Kama mama bado anakuita mara tatu ndipo uje kunywa chai, komandoo asubiri kwanza. Ugumu wa jeshi hauko sana kwenye kuruka kuta kama sinema zinavyoonyesha. Uko kwenye lindo la saa nane usiku, mvua inanyesha, hakuna anayekupiga picha, na bado hutakiwi kusinzia.

Ndipo tuje kwenye kamandi. Usichague kwa rangi ya kofia. Unayetamani majini, panda boti ya Zanzibar wakati wa kusi. Ukishuka umekumbatia mfuko wa kutapikia, tafakari upya, na kama hujui kuogelea jifunze kabla hujaota meli. Anga inataka fizikia, na inataka fundi anayekagua nati ileile kwa makini yaleyale kila siku, kwa sababu roho ya rubani iko mikononi mwake. Nchi kavu ni miguu. Hata hivyo, wewe utaomba, jeshi ndilo litakalokupanga, na kukubali kupangwa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Hapa sitanii. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kutaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Madai yao yalieleweka, lakini bunduki ziligeuka dhidi ya serikali, nchi ikatikisika, na jeshi lile likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Utii utakaofundishwa kwenye kwata una historia hiyo nyuma yake. Ukiwa huwezi kupokea amri kutoka kwa kijana mliyelingana umri, tafuta kazi nyingine mapema, hakuna aibu.

Atatokea pia mjomba wa rafiki yako, mwenye "mtu wake makao makuu", akitaka laki kadhaa akuingize. Usimpe hata mia. Nafasi za jeshi haziuzwi, na anayeanza utumishi kwa rushwa ameshaharibu kiapo kabla hajakila.

La mwisho ndilo zito, na wengi hulikimbia. Kaa na wazazi mzungumzie Semuliki. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Kivu Kaskazini, Kongo, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilishambuliwa, na Watanzania zaidi ya kumi waliuawa. Walikuwa watoto wa watu, na kabla hawajaondoka nao waliaga nyumbani. Baba akinyamaza, mngoje. Mama akikuuliza kwa nini wewe, usimjibu kwa maneno ya kijiweni. Mwambie sababu yako halisi, na kama huna, ahirisha fomu mpaka uipate.