Kama Mnavyoona, Hatuoni

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, lakini msimu wa vijana wa mwaka wa tatu kuwasilisha miradi yao ukifika, nageuzwa mlinzi wa projekta. Nakaa nyuma kabisa, karibu na swichi ya taa. Nisichokisoma mimi, basi hakisomeki.

Kijana anaanza na kichwa cha utafiti chenye mistari mitatu na mbu wa Kilatini katikati, anatusomea chote. Inafuata slaidi ya yaliyomo: utangulizi, mbinu, matokeo, hitimisho. Sijui nani alimwambia tuna wasiwasi kwamba hitimisho lingetangulia. Halafu anageukia ukuta, na tangu hapo tunazungumza na kisogo.

“Kama mnavyoona,” anasema, huku kitaa chekundu kikitetemeka juu ya jedwali lililojaa tarakimu mpaka pembeni. Hatuoni, ndugu yangu. Ninachokiona ni joto la maji lililoandikwa kwa desimali nne. Kipimajoto nilimpa mimi mwenyewe, kinasoma nyuzi moja moja, tena kwa kukikodolea macho. Hizo desimali kazitoa wapi? Kompyuta imemgawia wastani, naye kapokea bila kuhesabu chenji. Grafu nayo mhimili wake wima unaanzia 92, kwa hiyo tofauti ya 93 na 95 inapanda ukutani mpaka inakaribia feni. Mistari ni ya njano, juu ya nyeupe, na pazia la dirisha lilichanika zamani.

Amepewa dakika 15. Kumi zimekwisha bado anawaeleza maprofesa malaria ni nini. Mwenyekiti anainua kikaratasi cha dakika mbili, ndipo matokeo, yale aliyoyalipia kwa kuumwa na mbu usiku kucha, yanapita kama basi la mikoani lisilosimama Chalinze.

Sasa mlinganisheni kijana huyu na Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, kule Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni wa fizikia kutoka chuoni Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza: maji ya ujazo sawa, haya yana nyuzi 35, haya 100, yote yanaingia kwenye friza, kwa nini yanayotangulia kuganda ni yale ya 100? Wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Swali lile lilibeba kipimo, tofauti, pamoja na matokeo, vyote ndani ya pumzi moja, wala hakuna aliyeombwa kuzima taa. Angekuwa wa mwaka wetu huu, angeanza na slaidi ya maana ya maji.

Nilimweleza hayo kijana mmoja aliyekuja kuazima waya wa projekta. Anza na ulichokiona, nikamwambia, jedwali liache kwenye ripoti, tutazame usoni. Akanisikiliza kwa adabu zote. “Lakini mzee,” akasema, “nikisema kwa kifupi watadhani sijafanya kazi.”

Sikuwa na la kumjibu, maana ninawajua wanaotoa alama. Wakati wa maswali ukifika, mhadhiri mmoja husimama na kutangaza kwamba ana swali dogo tu. Anaanzia enzi za masomo yake ya uzamivu, anapitia utafiti wake mwenyewe, anasahihisha wa mwenzake aliyekaa pembeni, na swali lenyewe halitokei. Saa ya chakula inapita. Funguo za chumba ninazo mimi, kwa hiyo siwezi kutoroka, na kwa kuwa yeye hana hata slaidi moja, sina cha kumzimia.