Kaunta Buku la Toba
Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliandika shajara ya misheni. Mtakatifu Augustino naye aliungama kwa kalamu akiwa na miaka 40 na ushee. Sasa mzee wetu wa Mlali, kastaafu juzi, kanunua kaunta buku ajihesabie dhambi kila usiku mbele za Mungu. Hongera, babu! Ila siri ya toba haisomwi kwa sauti barazani, nasi tumesikia. Ukurasa wa kwanza: jirani kageuza mfereji usiku, nyanya zimekauka. Wa pili: mwanakwaya fulani anakwepa zaka. Wa tatu: marehemu mjomba alivyompunja shamba la ukoo. Dhambi zake mwenyewe? Kaziachia mistari miwili, kwa penseli.