Nzi wa Australia Apewe Haki Yake

Waungwana, koala amesifiwa ya kutosha. Mwaka 2014, viongozi wa G20 walipokutana Brisbane, walipakatishwa koala wakapigwa picha. Nzi hakupakatwa na mtu. Basi niruhusuni nimsemee nzi wa porini wa Australia, yule mdogo wa kijivu asiyekosekana usoni pa mtembea juani.

Tuanze na bidii. Koala hulala saa zipatazo 20 kwa siku, kajibana kwenye panda la mkaratusi, maana majani anayokula yana sumu nyingi na lishe haba. Nzi, kukipambazuka tu, yuko kazini. Jike anahitaji protini ili mayai yake yakomae, na huifuata kwenye machozi, mate na jasho lako. Haumi, hulamba. Hutua kwenye pembe ya jicho, unampunga, anazunguka nyuma ya sikio, kisha huyo, amerudi pembe ileile kama mtu aliyesahau kofia yake. Kule punga-punga Waaustralia wenyewe wanakuita saluti ya Kiaustralia. Koala, kwa mapenzi yote anayopewa, hajawaachia hata ishara ya kidole.

Mtasema nzi katoka mavini. Ni kweli, hutaga kwenye mavi ya ng'ombe. Lakini mtoto wa koala, kabla ya kuanza majani, hula kinyesi laini kama uji kinachomtoka mama yake, apate bakteria wa kuyasaga majani hayo tumboni. Nzi akigusa kinyesi ni uchafu; koala akikila ni malezi.

Na maradhi je? Nzi anashukiwa kueneza vikope. Shutuma nzito, sikatai. Ila vikope husababishwa na bakteria wa ukoo wa klamidia, na ukoo huohuo ndio unaowapofusha na kuwagumbisha koala. Mmoja akapigwa dawa ya kupuliza, mwingine akajengewa hospitali Port Macquarie.

Hata kuzaliana kwake si kosa lake. Walioleta ng'ombe mwaka 1788 ni Waingereza. Dundu wa Australia wanaofukia mavi walizoea vinyesi vikavu vya kangaruu, mavi ya ng'ombe yakawashinda, yakatapakaa malishoni. Nzi akakuta karamu. Tangu miaka ya 1960 taasisi ya sayansi ya CSIRO ikawa inaagiza dundu kutoka Afrika na Ulaya waje kuyafukia. Wamempunguza mahali pengi, lakini hawajammaliza.

Koala alitangazwa mwaka 2022 kuwa hatarini kutoweka Queensland, New South Wales na eneo la Canberra, na akitaka kuvuka barabara hujengewa kivuko. Nzi baridi humwua kusini kila mwaka, na kila mwaka wenzake wa kaskazini hudandia upepo wa joto hadi hukohuko Canberra, nauli hawalipi.