Ihsani ya Fundi wa Tovuti

Hapana budi kuisifu Windows iliyo mezani mwa fundi wetu wa tovuti, ambayo, kwa ukarimu wake usio na kifani, ikiagizwa “picha/nembo.png” huleta “Picha/Nembo.PNG” bila kinyongo, mithili ya mwenyeji asiyemuuliza mgeni jina la babaye, ilhali seva ya Linux, kadhi asiye na mswalie Mtume, huzihesabu herufi kubwa na ndogo kuwa nafsi mbili mbalimbali, akaitangaza hukumu yake ya 404 mbele ya halaiki. Lakini fundi hakutahayari: kwa kukamilisha ihsani, ameiandika katika ukurasa anwani ya 127.0.0.1, ili kila mteja, popote alipo, aitafute nembo hiyo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, wala asimsumbue mtu.